Tamthilia na riwaya bila mtihani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watu wazima waliokutana na fasihi darasani, wakafunga kitabu siku ya mtihani wa mwisho, na sasa wanataka kurudi kwa hiari yao. Mwanafunzi anakaribishwa pia, ila asitegemee majibu ya alama ishirini. Anzia swali lolote. Jibu likitegemea jingine, namba yake imetajwa.

## Kuanza

1. Sijagusa kitabu cha fasihi tangu nimalize shule. Nianze na kipi?

Anza na kifupi. *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein (1969) ni kijitabu cha jioni moja, na hadithi yake unaijua nusu tayari kwa sababu vita vya Majimaji ulivisoma kwenye historia. Kwa upande wa riwaya, *Kusadikika* ya Shaaban Robert (1951) nayo ni nyembamba, ingawa Kiswahili chake hakitaki haraka. Mwenye hamu ya riwaya inayokimbia achukue *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi (1999). Ni ndefu, lakini ukishaanza kumfuata Yasmin, binti aliyeozwa kwa mzee asiyempenda, hutahesabu kurasa zilizobaki.

Simshauri mtu aanze na *Nagona* (swali la 14). Wala usianze na kile kitabu ulichokichukia shuleni, eti umalizane nacho. Kisogeze pembeni kwanza, usome vingine vitatu vinne, halafu ukirudie ukiwa huna kinyongo nacho.

2. Hadithi za upelelezi si fasihi? Mbona watu wanazidharau?

Wanaozidharau mara nyingi hawajazisoma. *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Mohamed Said Abdulla (1960) ni upelelezi mtupu: kuna maiti, kuna Bwana Msa na kiko chake, kuna rafiki yake Najum anayeuliza maswali ambayo sisi wasomaji tungeuliza. Hata hivyo ni riwaya inayoheshimika, na Kiswahili chake ni cha kujifunzia. Willy Gamba wa Elvis Musiba naye amewafanya vijana wengi wa miaka ya themanini kuwa wasomaji, na hilo si jambo dogo.

Tofauti ninayoiona mimi iko kwenye kurudia. Riwaya inayotegemea fumbo moja huwa imemaliza kazi yake siku unapomjua muuaji. Nyingine unairudia baada ya miaka kumi, ukakuta mhusika uliyemchukia sasa unamwonea huruma, kwa sababu nawe umekuwa mzazi au umefukuzwa kazi. Kitabu cha namna hiyo ndicho kinachozungumzwa katika ukurasa huu.

3. Nasoma kurasa kumi, nasinzia. Tatizo ni mimi au kitabu?

Huenda ni saa. Usisome tamthilia kitandani saa tano usiku baada ya kazi, isome mchana na kwa sauti (swali la 6). Riwaya nayo ipe kurasa hamsini za kweli, simu ikiwa chumba kingine. Ukifika hapo na bado hutaki kujua litakalofuata, kiache. Kuacha kitabu si dhambi.

4. Lazima nijue dhamira ya mwandishi?

Si mara ya kwanza unaposoma. Darasani tulizoeshwa kusoma na kalamu mkononi tukiwinda "ujumbe", na tukishaupata tukaona kazi imekwisha. Kwa *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi (1971), ujumbe wa darasani ulikuwa kwamba malezi mabaya huharibu watoto. Sawa, lakini hilo lingeandikwa kwenye bango la barabarani tukaokoa karatasi nyingi. Riwaya yenyewe inamwonyesha Zakaria, mlevi asiyejiongoza mwenyewe, akimchunga bintiye kwa kiboko hadi binti hajui mvulana ni kiumbe gani. Kisha inamtoa Rosa Ukerewe na kumpeleka shule ya bweni, uhuru unamwangukia siku moja wote kwa pamoja, na wewe msomaji unaanza kubishana na nafsi yako: hapa wa kulaumiwa ni nani? Baba? Masista? Wale wanaume? Rosa mwenyewe? Kubishana huko ndiko kulikoandikiwa kitabu, na hakuingii kwenye sentensi moja.

Badala ya kuuliza "dhamira ni nini", jaribu maswali haya unaposoma: huyu anataka nini, nani anamzuia, na kitu gani kimebadilika kati ya ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Dhamira itakuja yenyewe, na itakuwa yako.

5. Je, nikisoma mwongozo wa kitabu nitakuwa nimekisoma?

Hapana. Mwongozo ni kusimuliwa pilau na mtu aliyeshiba. Una kazi yake, hasa kwa mtahiniwa anayejikumbusha wahusika usiku wa kuamkia karatasi, lakini ukiutanguliza utakupa majibu ya maswali ambayo bado hujayauliza. Soma kitabu, ukwame, ubishane nacho, halafu fungua mwongozo uone kama mwandishi wake alikwama pale pale ulipokwama wewe. Usishangae ukikuta amepita kimya hapo pagumu.

## Tamthilia kwenye karatasi

6. Kwa nini tamthilia inachosha kusoma wakati ikichezwa inapendeza?

Kwa sababu nusu yake haimo kwenye karatasi. Mwandishi ameweka maneno. Sauti, mwendo, kimya na sura ameviachia waigizaji. Ukiisoma kimya kimya na kwa kasi ile ile unayosomea riwaya, unapata majina yenye nukta pacha na sentensi fupi fupi.

Tiba ni kuisoma kwa sauti, na ikiwezekana mkiwa watu wawili au watatu mkigawana wahusika. Hakuna anayehitaji kuwa mwigizaji. Chukua mwanzo wa *Kinjeketile*: wanawake wawili, Bi. Bobali na Bi. Kinjeketile, wanazungumza habari za maisha magumu, chakula hakitoshi na wanaume wanafanyishwa kazi kwenye shamba la Mzungu. Kwenye karatasi ni mazungumzo ya jirani kwa jirani, mtu anaweza kuyapita akitafuta "vita vinaanza wapi". Yasomeni kwa sauti, mmoja awe Bi. Bobali. Mara moja mtasikia kwamba Bi. Kinjeketile anaongea huku akili iko ndani ya nyumba, kwa mumewe aliyejifungia na hatoki. Hofu hiyo haikuandikwa mahali pamoja. Imetawanywa kwenye majibu mafupi, na sikio huikusanya upesi kuliko jicho.

7. Yale maelezo ya jukwaani nayasoma au nayaruka?

Yasome, tena polepole. Mtu akiandika "kimya" amekupa tukio zima. Ukikuta mhusika ameingia jukwaani ila hasemi neno kwa ukurasa mzima, mweke kichwani: amesimama wapi, anamtazama nani, amesikia nini ambacho hakutakiwa kusikia? Siri nyingi za tamthilia ziko kwa huyo anayenyamaza.

8. Hotuba ndefu zinanipoteza. Nisikilize nini ndani yake?

Sikiliza kinachorudiwa, na uangalie maana yake inavyogeuka. Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua ni Antonio mbele ya maiti ya Kaizari, katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963 na kuitoa tena baada ya kuipitia mwaka 1969 kwa jina *Juliasi Kaizari*.

Hali ni hii. Bruto na wenzake wamemuua Kaizari, mtawala wa Roma. Bruto amehutubia kwanza, amesema walimuua kwa sababu alikuwa na uchu wa madaraka, na umati uko upande wake kabisa. Kisha anamruhusu Antonio, rafiki wa Kaizari, aseme machache ya mazishi, na yeye mwenyewe anaondoka. Kosa lake liko hapo. Antonio hawezi kusema waziwazi kwamba Bruto ni muuaji, angepigwa mawe. Kwa hiyo anaanza kwa kumsifu: Bruto ni mtu wa heshima. Halafu anataja jambo moja: Kaizari alileta mateka, na fidia zao zikajaza hazina ya Roma. Je, huo ndio uchu? Lakini Bruto amesema, na Bruto ni mtu wa heshima. Anataja la pili: maskini walipolia, Kaizari alilia nao. La tatu: alipewa taji mara tatu, mara tatu akalikataa. Na kila mara anarudi pale pale kwenye heshima ya Bruto, hadi sifa inakuwa tusi, bila yeye kubadilisha neno hata moja.

Mpaka hapo bado hajamaliza. Anatoa wasia wa Kaizari, anasema hawezi kuusoma, wasije wakapandwa na hasira. Umati unalilia wasia. Anashuka kwanza, anawaonyesha joho lenye matundu ya visu. Wasia unasomwa mwishoni kabisa, na kumbe kila raia ameachiwa fedha na bustani za kupumzikia. Katika onyesho linalofuata, umati huo huo unamvamia mshairi asiye na hatia kwa sababu tu jina lake linafanana na la mmoja wa wauaji. Anajitetea kwamba yeye ni mshairi. Wanamuua hata hivyo.

Isome hotuba hiyo kwa sauti mara mbili. Mara ya kwanza yatamke maneno ya sifa kwa moyo mweupe kabisa, na ya pili kwa kejeli tangu mwanzo. Utagundua kwamba njia ya kwanza inatisha zaidi. Aliyewahi kuhudhuria mkutano wa kampeni hahitaji maelezo mengine.

9. Kaizari anakufa katikati. Mbona tamthilia ina jina lake?

Kwa sababu hata akishakufa haondoki. Anarudi kama mzimu kwa Bruto, jina lake liko midomoni mwa kila mtu, na wauaji wake wanakufa wakimtaja. Ukitafuta mhusika anayepambana na nafsi yake kwa muda mrefu zaidi, huyo ni Bruto. Jina la tamthilia na mhusika unayekaa naye si lazima wawe mtu mmoja.

10. Nikishajua mwisho, utamu si umekwisha?

Watazamaji wa Athens katika karne ya 5 kabla ya Kristo walikwenda kutazama tamthilia zenye hadithi walizokuwa wakizijua tangu utotoni. Chukua ile ya Sophocles iliyotafsiriwa na Samuel Mushi kama *Mfalme Edipode* (1971). Mji una tauni, mfalme anatangaza laana juu ya mtu aliyemuua mfalme aliyemtangulia, anaapa kumsaka popote alipo. Asiyejua mwisho anamwona kiongozi hodari. Anayejua mwisho anaona mtu akijilaani kwa mdomo wake mwenyewe, na hawezi kumzuia. Wa pili ndiye anayeitazama tamthilia yenyewe, kwa hiyo anayekusimulia mwisho huenda amekufanyia hisani.

11. *Mashetani* inanichanganya: nani shetani, nani binadamu?

Kuchanganyikiwa huko kumepangwa. Tamthilia hiyo ya Ebrahim Hussein (1971) inafunguka na mchezo ndani ya mchezo: vijana wawili, Juma na Kitaru, wanaigiza Shetani na Binadamu. Wakiacha kuigiza, ni wanachuo wawili marafiki. Lakini Juma ametoka ukoo uliokuwa na mali na hadhi kabla ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na Kitaru ametoka familia inayopanda sasa. Mmoja anakumbuka alichopoteza, mwingine hataki kuulizwa amekipataje alicho nacho.

Rudi sasa kwenye ule mchezo wa mwanzo ukijua hilo. Nani alichagua kuwa Shetani? Nani anang'ang'ania kuacha kucheza? Ukisoma mara ya pili kwa namna hiyo, mbuyu na vicheko vya mwanzoni vinakuwa vizito. Sitakupa jibu la swali lenyewe. Nimewasikia watu makini wakijibu tofauti, na kila mmoja alikuwa na ukurasa wa kuonyesha (swali la 20).

12. Tamthilia "nzito" ikinichekesha, nimeielewa vibaya?

Kuna nyingine ziliandikwa uchekeshwe. Ile ya Gogol, iliyochezwa Urusi mara ya kwanza mwaka 1836 na kufika kwetu kwa jina *Mkaguzi Mkuu wa Serikali*, ni kichekesho tangu mstari wa kwanza: wakubwa wa mji mdogo wamesikia mkaguzi anakuja kwa siri, wanamdhania kijana mmoja asiye na senti kuwa ndiye, wanamhonga na kumlisha. Karibu na mwisho mkuu wa mji anawageukia watazamaji na kuwauliza wanacheka nini, maana wanajicheka wenyewe. Cheka tu. Ukitoka ukumbini ukamkumbuka mtu wa ofisini kwenu, imekuingia.

## Riwaya na namna zinavyosimulia

13. Msimulizi akisema "mimi", ni mwandishi anayesema?

Usidhani hivyo. Katika *Kichwamaji* ya Kezilahabi (1974) anayesimulia ni Kazimoto, msomi wa chuo kikuu mwenye maneno mazuri na hasira nyingi. Kwa kuwa ndiye tuliye naye kichwani, tunamwamini haraka. Lakini angalia matendo yake: anapanga kulipiza kisasi kwa Manase, aliyemharibia maisha dada yake, kwa kumtongoza dada wa Manase. Anayeumia kwenye hesabu hiyo ni nani? Kezilahabi hakuingilia kati kutuambia Kazimoto amekosea. Ametuachia sisi.

Kila ukikutana na "mimi" kwenye riwaya, mpe kiti cha shahidi mahakamani. Msikilize, kisha jiulize anapata faida gani tukimwamini.

14. Nimesoma *Nagona* mara mbili sijaelewa. Nina kasoro?

Huna. *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991) za Kezilahabi hazina mtiririko wa kawaida. Mandhari yanabadilika kama ndotoni, watu wanatokea na kutoweka, na msimulizi yuko safarini kuelekea mahali pasipoonyeshwa vizuri. Anayezisoma akisubiri "halafu ikawaje" ataumia.

Kinachosaidia ni kusoma vipande vifupi, kurasa tano au sita, na kukumbuka picha moja tu kwa kila kipande. Usitafsiri picha hiyo upesi. Nami niseme wazi: sioni kwamba kila ukurasa wa *Nagona* unalipa jasho lake. Nazipenda zaidi riwaya za Kezilahabi za Ukerewe, zenye watu wenye majina na madeni. Lakini mwandishi aliyeanza na *Rosa Mistika* akaishia kwenye *Nagona* hakupotea njia, alichoka na njia ya zamani, na hilo peke yake linafanya safari yake iwe ya kuvutia kuifuata kwa mpangilio wa miaka.

15. Kwa nini wahusika wa Shaaban Robert wana majina kama Majivuno na Karama?

Kwa sababu yeye anafuata mapokeo ya hekaya na tenzi, ambamo jina linakuambia mtu ni wa namna gani hata kabla hajafungua mdomo. Kwa hiyo usisubiri akushangaze kwa tabia, sikiliza hoja. *Kusadikika* nzima ni kesi. Karama anashtakiwa kwa kueneza elimu ya sheria, Waziri Majivuno ndiye mshtaki, na utetezi ni simulizi za wajumbe sita waliotumwa pande sita, ikiwamo mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa wakatupwa gerezani. Nchi yenyewe ipo angani. Kitabu kilitoka Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, na wengi wamekisoma kama fumbo la ukoloni. Hawakukosea. Ila kisome tena ukiwa na serikali yoyote ya leo kichwani, utaona nchi ile ya angani inatua mahali pengi.

16. Maneno ya Unguja, Pemba na Mombasa yananikwamisha. Nifungue kamusi kila mara?

Hapana, utapoteza hadithi. Piga mstari kwa penseli na uendelee. Neno likirudi mara ya tatu na bado hulielewi, hapo fungua *Kamusi ya Kiswahili Sanifu*. Mengi yatakuwa yameshajieleza. Mtu wa bara akikuta "skuli" au "leso" hahitaji mkalimani.

Jambo ambalo kamusi haitakusaidia ni mazingira. Kabla ya kusoma *Kuli* ya Adam Shafi, tafuta dakika kumi ujue mgomo wa makuli wa bandari ya Zanzibar wa 1948 ulitokana na nini. Utaelewa zaidi kuliko kwa kutafuta maneno hamsini.

## Ukweli, historia na mambo yenye utata

17. *Kinjeketile* ni historia ya kweli?

Kinjeketile Ngwale alikuwepo kweli. Alikaa Ngarambe, akagawa maji aliyosema yatageuza risasi za Wajerumani, na ugomvi wa mashamba ya pamba ya kulazimishwa ulipolipuka Matumbini Julai 1905, maji hayo yalikwisha kuunganisha watu wa makabila mengi. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndio kwanza vinaanza. Vikaendelea bila yeye hadi 1907.

Kinjeketile wa jukwaani anaishi zaidi. Anaona watu wakienda vitani kabla hajawaruhusu, anaona kushindwa, na mwisho yuko kizuizini na mwenzake Kitunda, Wajerumani wakimtaka aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Si kwa sababu anayaamini bado. Ni kwa sababu akikana, watoto watakaozaliwa wataambiwa kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Onyesho hilo lisingewezekana kwa tarehe za historia, na ndilo linalobeba tamthilia yote. Hussein mwenyewe anaeleza katika utangulizi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa sanaa.

Kuna mahali pengine pa kuangalia, ambapo wasomaji wengi hupita. Kinjeketile akiwa amepagawa na pepo Hongo, anatamka kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Akizinduka na kuambiwa alichosema, anashtuka: yaani wamfukuze Mjerumani ili watawaliwe na Sultani? Kuanzia hapo kiongozi ana shaka na sauti iliyompa uongozi, lakini umati hauna shaka tena. Ukitaka kujua tamthilia inageukia wapi, ni hapo.

18. *Rosa Mistika* ilipigwa marufuku. Naweza kumpa mwanangu wa sekondari?

Ilizuiwa kutumika shuleni Tanzania kwa muda, na baadaye ikaja kuwa kitabu cha kufundishia. Ina mapenzi ya wanafunzi, mimba na kifo, na haizungushi maneno. Ushauri wangu: isome wewe kwanza, kisha mpe, kisha mwongee. Mzazi anayeificha anafanya kazi ya Zakaria (swali la 4).

19. *Mabepari wa Venisi* inamdhihaki Myahudi. Tuiache?

Shakespeare aliiandika karibu na mwaka 1596, Uingereza ikiwa imewafukuza Wayahudi tangu 1290. Chuki imo. Wakristo wa Venisi wanamtemea mate Shailoki, yule Myahudi mkopeshaji, na bado wanakuja kumkopa, na mwisho wa kesi analazimishwa kubadili dini huku wengine wakifurahi. Msomaji anayesema inaumiza amesoma vizuri.

Ila imo pia hotuba ya Shailoki anayeuliza kama Myahudi hana macho, hana mikono, akichomwa hatoki damu? Mtu aliyeandikwa achekwe anapewa maneno ambayo wanaomcheka hawana jibu lake. Na angalia kesi yenyewe: mkataba unasema ratili ya nyama ya mwili wa mdaiwa asipolipa, mahakama inasema chukua nyama bila tone la damu. Ni ujanja wa kisheria mtamu sana, mpaka ujiulize kama ungeuita haki ungekuwa wewe uliyekopesha. Isome, usiipambe.

20. Kikundi chetu kinabishana kila kitabu. Tutajuaje nani yuko sahihi?

Mwulize kila mmoja aonyeshe ukurasa. Tafsiri mbili zinazopingana zinaweza kusimama zote kama kila moja ina maneno ya kitabu nyuma yake. Anayesema "mimi naona hivyo tu" mpeni chai, zamu yake imekwisha.

## Tafsiri, filamu na upatikanaji

21. Kumsoma Shakespeare kwa Kiswahili si kupoteza ladha?

Unapoteza kitu na kupata kingine. Nyerere alitafsiri kwa mistari isiyo na vina, akifuata mwendo wa mashairi yenyewe, kwa hiyo msomaji aliyezoea vina na mizani atahisi guni, yaani shairi lisilofuata vina na mizani. Soma kwa sauti na hisia hiyo hupungua. Mwaka 2012 ukumbi wa Globe wa London ulikaribisha tamthilia 37 za Shakespeare katika lugha mbalimbali, na *The Merry Wives of Windsor* ilichezwa na waigizaji wa Kenya kwa Kiswahili. Vichekesho vya wake wawili wanaomkomesha mzee mwenye tamaa vinaingia kwenye Kiswahili bila kubisha hodi.

Wakati mwingine tafsiri ni kurudi nyumbani. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina *Peponi* (2022). Wahusika wake wengi ni watu ambao wangekuwa wakisema Kiswahili tangu mwanzo.

22. Nikitazama filamu ya *Vuta N'kuvute* inatosha?

Filamu ya Amil Shivji ya 2021 ni kazi yake yenyewe, itazame bila hofu. Inachagua: inakupa rangi, muziki na sura za watu, na inaacha vichochoro vingi vya riwaya. Anayeanza na filamu hapotezi kitu (swali la 10), ila asije akasimulia filamu mbele ya watu waliosoma kitabu.

23. Sipo karibu na ukumbi wowote. Nitaona wapi tamthilia?

Tamasha la kila mwaka la TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo) kule Bagamoyo ni la wote, na Kenya mashindano ya drama ya shule huwa na Kiswahili kizuri kuliko watu wanavyodhani. Ukikosa hayo, rudi kwenye swali la 6: watu watatu, nakala tatu, alasiri moja.

24. Kitabu kimeadimika. Nipige fotokopi?

Kwanza jaribu Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam au matawi ya maktaba za taifa Kenya. Vitabu vya miaka ya sabini visivyochapwa tena mara nyingi viko humo. Kisha wauza vitabu vya mitumba wa Nairobi na wa Posta, Dar es Salaam. Hao ukiwaachia namba watakutafutia. Fotokopi ya kitabu kizima ambacho bado kipo sokoni inamnyima mwandishi au warithi wake riziki, na waandishi wa Kiswahili hawana riziki ya kuchezea.

Ukinunua mtumba, fungua ukurasa wa haki miliki uangalie mwaka na toleo. Tafsiri ya Nyerere ya tamthilia ya Kaizari ya 1963 na ile ya 1969 hazifanani mstari kwa mstari, na kikundi chenye matoleo mawili kitapoteza dakika ishirini za kwanza kikitafuta mko wapi. Tajeni onyesho na sehemu, si ukurasa.